Pipa Tupu la Ilkka

Njoo hapa, Joonas. Kabla hujagusa kitu
vua hilo sweta la nailoni alilokununulia mamako.
Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
hewa ya Kouvola imekauka kau,
na sweta kama hilo, ukilivua gizani, utaona
linavyocheka kwa vijimeno vya bluu.
Humu hatuchekeshani hivyo.

Hii ni tolueni. Angavu kama maji ya ziwani.
Maji humzima moto; hii humwita kwa jina.
Pipa likilala uani kwenye theluji halina neno,
baridi imelishika koo.
Likivuka mlango huu, likapata nyuzi nne tu,
nyuzi nne, Joonas, ubaridi wa friji ya kwenu,
limeamka, linatafuta wa kuzungumza naye.

Mvuke wake haupai.
Ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni,
hushuka ngazi, huingia mferejini,
hujibanza chini ya meza kama mdaiwa.
Waweza kusimama miguu yako imo ndani yake
na kichwa nje, unapiga mluzi.
Ndiyo maana feni zetu ziko chini, usawa wa vifundo,
zinavuta pale pua isipofika.

Na pua yenyewe usiiamini.
Asubuhi inanusa, saa tatu baadaye imezoea.
Kichwa kikiwa chepesi, ukajiona mcheshi kuliko ulivyo,
toka. Usimalize ndoo.
Toka kwanza, uniite ukiwa nje.

Sasa shika vibanio. Hiki kwenye pipa, hiki kwenye ndoo,
cha tatu kwenye ukanda wa shaba ukutani.
Meno yang'ate chuma, si rangi.
Kwaruza mpaka uone mng'ao.
Kitu hiki kikitiririka huokota umeme kimyakimya;
waya ukiwashika wote, pipa na ndoo ni ndugu,
hawana cha kurushiana.
Mimina taratibu, mrija uguse kitako cha ndoo.
Ukiniletea ndoo ya plastiki
nitaitupa nje, na wewe nyuma yake.

Matambara: pipa jekundu, kifuniko juu.
Simu: sandukuni, mlangoni.

Unatazama nini?
Aa. Huyo ni Ilkka Rautio.
Miaka kumi na tisa zamu moja na mimi,
hakuwahi kumwaga tone.
Mwezi wa Mei aliomba pipa tupu
akatengeneze jiko la sauna kwenye kibanda chake.
Alilisuuza kwa maji ya bomba, mara mbili.
Nilimsaidia kulipakia kwenye trela. Mimi,
kwa mikono hii. Nikamwambia, likiwaka utualike.

Wasemao debe tupu ndilo lenye kelele
hawajalisikia hili, lilivyonyamaza njia nzima.
Maana kioevu chenyewe hakiungui, mwanangu,
kinachoungua ni pumzi yake,
na pipa tupu
ni pumzi tupu.

Grinda iligusa bati.
Mama mmoja ng'ambo ya ziwa alisema
alidhani barafu imepasuka,
kisha akakumbuka kwamba barafu
ilikwisha yeyuka wiki mbili nyuma.

Tangu hapo matupu tunayafunga vizibo kama yaliyojaa,
lebo ile ile ya mwali mwekundu,
nayahesabu kwa chaki kila Ijumaa, yanarudi yalikotoka.
Msimamizi hunicheka: Kirsti, nani aibe pipa tupu?
Simjibu.
Haibi mtu. Huomba,
nawe unampenda, unampa.

Haya. Kibanio.
Kwaruza.
Tena.
Mng'ao sijauona.