Ulimi wa Nguruwe

Kazi yangu ni vidole.
Nguruwe analazwa ubavu, kijiti kinabana taya,
nami nauvuta ulimi kwa kitambaa, napapasa chini yake
kama anayechambua mchele gizani.
Punje zikiwepo, bei inashuka.
Sikuwahi kusema: usile.
Nilisema: punguza.

Huku juu ya Makambako, Julai,
umande unaganda kwenye majani ya viazi
na nguruwe wanazurura nyuma ya nyumba
pale choo kilipobomoka masika ya juzi.
Hatukukijenga.
Mianzi ilitupa ulanzi, ilitupa na stara.

Lukelo, mdogo wangu, alipasua mbao.
Kwanza alianguka mara moja, kazini,
povu, visigino vikikwaruza vumbi la mti.
Wenzake walisimama mbali.
Kisha msumeno ukaanza kumwita
kwa sauti ya marehemu baba,
hata ukizimwa,
hata Jumapili.

Mjomba Mwalongo alitaja shamba la bondeni na wivu wa jirani.
Mchungaji alimpigia kelele usiku mbili.
Wengine walileta kamba,
na nguzo ya ghala ingali na alama.

Yeye alikuwa na lake.
Alisukuma sahani, akanikazia macho:
"Dada, umeniwekea kitu."
Nililia mpaka ugali ukapoa.

Tuliuza majike mawili ya nguruwe,
tukapanda basi la Mbeya alfajiri.
Igawa, Chimala, Uyole, yeye akinong'ona na kioo cha dirisha.
Daktari akaibandika picha ya kichwa kwenye taa.
Punje.
Vidole vyangu vilizijua kabla ya macho.

Nikauliza: Ndizo zinazosema naye?

"Huenda," akasema.
Wapo wenye punje kama hizi wanaozeeka kimya.
Wapo wasio na hata moja, na usiku wao umejaa watu.
Nyama yenye punje humpa mlaji tegu tumboni.
Lakini hizi za kichwani hutoka kwenye mayai ya tegu,
hayaonekani, hukaa chini ya kucha
za mtu asiyejijua,
anayepika,
anayepakua.

Nikaificha mikono mapajani.
Nesi akanipa na mimi kikopo.

Tegu alikuwa wangu.
Miaka mingapi, hakuna ajuaye.
Katika wote waliobashiri, wazee, wachungaji, wenye kamba,
aliyeukaribia ukweli
ni yule tuliyemwita kichaa.

Huenda.
Nimelibeba neno hilo kutoka Mbeya kama yai mkononi.
Ni dogo mno kumfungia mtu kamba,
ni dogo mno kunifungulia mimi.

Sasa shimo la choo limefika futi kumi,
nimechimba mwenyewe, udongo mwekundu hadi kwenye nywele.
Mnadani nikipapasa ulimi wenye punje nasema: mfukie.
Wananicheka. Mmoja ameacha kuniita.

Lukelo haanguki tena.
Baba bado humwita, siku moja moja,
kwa mbali, anasema, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Jana nilipakua maharage.
"Umenawa?"
Nikamwonyesha viganja, mbele na nyuma.
Akavitazama muda mrefu, kama barua.
Akala tonge moja,
akatulia,
akasikiliza.