Dari ya Ghislaine, Ziwa Lavoie

Marehemu Fernand aliwapiga kwa raketi ya tenisi.
Ghislaine amesubiri.

Mwezi wa sita alipanda ngazi kuziba ufa,
akasikia vichanga vya popo vikilia darini,
sauti nyembamba, bawaba ya kabati.
Akashuka. Nyundo akairudisha mahali pake.

Leo, Agosti, watoto wanaruka.
Ametundika wavu juu ya ufa, pindo la chini wazi:
kutoka ruksa, kurudi hakuna.
Amekaa gatini na blanketi,
akihamisha punje za maharage mfuko hadi mfuko,
thelathini na nane, thelathini na tisa.

“Si ungewapulizia dawa?” anauliza Réjean.
“Mpangaji hupewa notisi.”

Kwenye msonobari amewapigilia kisanduku.
Usiku dari i kimya.
Kimya mno.
Anawasha redio.