Hali ya Kiwandani

Waranti imebakiza siku kumi na moja
na simu inazima ikifika asilimia arobaini.
Inazima kituoni, Portage na Sherbrook,
hasi ishirini na nane nje ya glavu,
inazima katikati ya neno, kama mtu aliyeitwa chumba cha pili.

"Ipeleke," anasema Mkawasi, "kabla hawajaikana."
Hajui nilichoifanyia.

Kithaka ndiye aliyeivunja makufuli,
kiangazi kile, chumba cha chini, Sargent,
mbu wa Manitoba wakitula bila salamu.
"Sasa una mzizi," akasema.
Kwetu mzizi hushika udongo.
Huu wake ulikuwa ruhusa
ya kugusa kila kitu.

Kwanza tukafuta programu ya magongo ya barafuni
iliyokuja na simu kama kupe na ng'ombe:
haifutiki, haizimiki, inanipongeza usiku wa manane
kwa goli la timu nisiyozijua rangi zake.
Kisha jina la kampuni linalowaka mwanzo.
Kithaka akaliondoa, akaandika HAYA TWENDE.

Miaka miwili, saa kumi na nusu za alfajiri,
nyeupe juu ya nyeusi, HAYA TWENDE,
nami nikaenda.

Usiku huu naenda kinyumenyume.
Kompyuta ya Mghoi yenye vibandiko vya paka,
waya mmoja, faili la gigabaiti nne,
na namba ya toleo niliyoisoma mara tano,
maana namba ikikosea simu inageuka tofali.
Nampigia Kithaka, Halifax. Inaita. Inaita.

Picha nimehamisha. Namba za watu nimehamisha.
Kisichohamishika ni kibodi niliyoifunza mwenyewe:
kwamba *sana* si Santa,
kwamba *wifi* si mtandao, ni dada yangu,
na Mkawasi akiandikiwa "wifi yako amefika"
asikimbilie kutafuta nywila.

Mstari wa kijani unatambaa.
Asilimia sita.
Asilimia sita.
Naushika waya kwa vidole viwili usitikisike,
kama nishikavyo kioo kazini gundi ikiwa mbichi.

*Inarudi katika hali ya kiwandani*, yasema skrini.
Kiwandani nakujua. Cha madirisha, kule nyuma ya reli.
Narudi huko siku tano kwa juma
na sijatoka mpya hata mara moja.

Halafu kuna kile kijiuzi.
Kithaka alinionya, akijikuna shingo:
ndani mna uzi mwembamba kuliko unywele,
ukivunja kufuli unaungua.
Funga, futa, rudisha, apa kwa mama yako,
wenyewe umeshaungua.
Palipokuwa na sufuri pana moja,
na hiyo moja haina njia ya kurudi.

Inawaka. Jina la kampuni.
Inanikaribisha kana kwamba hatujuani,
inaniuliza naongea lugha gani,
na kabla sijajibu, magongo ya barafuni:
*Je, uko tayari kwa msimu?*

Jumamosi, dukani. Rowena, kucha za zambarau,
anaichomeka kwenye mashine yake.
"Umewahi kuifungua?"

Uongo nilikuwa nao, nimeupiga pasi
tangu darajani, juu ya Assiniboine iliyoganda.
Ukakataa kutoka.
"Rafiki yangu," nikasema. "Kiangazi cha mwaka juzi."

Akatazama skrini, pale ilipo ile moja.
Akakitazama kifuniko cha nyuma, kimetuna kidogo,
akapitisha ukucha ukingoni.
"Hii betri imevimba," akasema,
akaandika kitu ambacho sikuweza kukisoma
kwa kuwa aliandika akiegemeza mkono.

"Wakubwa wataamua. Tutakupigia."

Nilifika mlangoni, kengele ikalia juu yangu,
ndipo nikageuka:
"Kwa simu ipi?"

Akacheka hadi akashika meza.
Mimi pia. Baridi ikaingia dukani
na hakuna aliyeniambia nifunge mlango.