Mpe Mgongo

Niliinunua kwenye mnada wa mradi uliokufa,
ghala moja la Vingunguti, kati ya makabati
na feni zisizozunguka:
ndefu ya miguu, nyembamba ya kiuno,
matairi ya kashata,
siti imezibwa kwa plasta ya hospitali.
Dalali alinipima kuanzia viatu.
"Dada, miguu itafika chini?"
Ulifika mmoja. Mmoja unatosha.

Mama aliizunguka mara moja, hakuigusa.
"Jeneza lenye plagi," akasema, akarudi jikoni.

Kazi yangu ni maji ya visima:
Mbande, Msongola, Chanika ya ndani ndani,
chupa za sampuli zikigongana kwenye boksi la barafu,
na barabara huko
ni heshima tu tunayoupa mchanga.

Fundi Mwinshehe wa Tandika ni mchoyo wa maneno.
Alinipa geji ya vali, nyembamba kama ganda la kitunguu.
"Ipite kwa kusitasita.
Ikiteleza, umelegeza. Ikigoma, umekaza."
Somo likaishia hapo, akaagiza chai.

Tangu hapo Jumapili ni yangu na yake,
kabla jua halijaushika ukuta.
Cheni naipaka oili kwa mswaki uliostaafu.
Spoki nazigonga kwa kijiko, moja moja,
ile iliyolegea hujibu kwa sauti ya mlevi.
Chujio la hewa nalifua kwa petroli kwenye beseni bovu,
nalo linatapika njia zangu zote za wiki:
wekundu wa Pugu, weupe wa Kigamboni,
na weusi fulani wa Jangwani
ambao sitaki kujua umetoka wapi.
Gerezani, muuza spea ananiuliza:
"Orijino au ya kawaida?"
na zote mbili anazitoa boksi moja.

Masika ya mwaka juzi, bondeni, Mto Mzinga,
tairi la mbele lilikwenda kulia, mimi nikaenda chini.
Petroli ikinidondokea kwenye soksi.
Nilivuta usukani kwa mikono, nikavuta,
matope yakacheka.
Ng'ambo, kijana mchimba mchanga akaegemea sepetu:
"We mama! Usiivute! Ipe mgongo!"

Tumekuzwa tukijua kwamba kumpa mtu mgongo ni kumtupa.
Nikageuka. Nikachuchumaa, matako kwenye siti,
mkono mmoja usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma,
nikatembea kinyumenyume, hatua za kuku.
Kilo mia moja na kumi na nane.
Ikainuka kama ng'ombe, nyuma kwanza,
huku inatiririsha maji.
Kijana alikwisharudi kwenye shimo lake.

Mwaka huu upande wa kushoto wa mama umegoma.
Majirani walikuja wawili wawili,
wakamvuta kwa makwapa kutoka kitandani hadi kitini,
naye akalia bila sauti, akitazama bati.
Siku ya nne nikawaomba watoke.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikampa mgongo.
Mkono wake mzima ukanizunguka shingo.
Nikasimama kwa mapaja, si kwa kiuno.
Kilo arobaini na tisa. Nimebeba boksi zito zaidi.

"Nani kakufundisha?" akaniuliza kisogoni,
maneno yamelowa.
"Jeneza lenye plagi."
Alicheka kwa nusu ya mdomo.
Nilikihisi kicheko kabla sijakisikia,
kilipita mbavuni kwangu
kama injini inayoshika kwa kiki ya tatu.

Siku hizi Jumapili anakaa mlangoni,
sahani ya bati mapajani.
Nikifungua nati namtupia humo,
anazihesabu kwa mkono wa kulia, kwa ukali,
kama chenji ya duka la mtu asiyemwamini.

Jana ilipungua moja, ya namba kumi.
Tumepekua mchanga, tumepekua kanga yake.
Hatujaiona.
Anasema mimi ndiye niliyekosea kuhesabu.