Kipovu

Aikande ameandika herufi moja kwa kalamu nene
nyuma ya kalenda ya mwaka jana.
"Ikazie macho. Tikisa kichwa kama mtu anayekataa chai."
Nakataa chai. Kushoto, kulia.
Herufi inaruka kama panzi.

Mwezi wa pili nilikuwa juu ya kenchi, Pasua,
misumari mdomoni,
dunia ikageuka bila kuniaga.
Nilishuka kwa tumbo, bati kwa bati.
Wakasema Ndekirwa kaanza mbege saa tatu asubuhi,
mimi, mshika funguo za kanisa!

Kumbe ni sikio. Huko ndani kabisa
mna maji, na vijiwe vidogo kuliko chumvi,
ndiyo pimamaji ya mwili.
Hiyo naijua. Kipovu kikikaa pembeni
ukuta wote ni uongo.

"Na dawa?"
"Kizunguzungu chenyewe. Kidogo kidogo, mara tatu kwa siku."

Nyumbani nilianza kwa kukazia Kibo, dirisha la jikoni.
Saa nne wingu likakimeza,
nikabaki nimekumbatia ndoo.
Tangu siku hiyo natazama msumari.

Wiki ya sita. Nimesimama juu ya godoro, macho nimefumba,
kisigino mbele ya vidole,
Haikaeli kanyoosha mikono pembeni yangu, hanigusi.
Nayumba.
Nayumba, narudi.

Kenchi bado.
Jumapili nitajaribu vidato vya kanisa, vitatu tu,
funguo mkono mmoja,
mkono mwingine mtupu.