Ini la Zdravka

Miaka thelathini na mmoja nimeuza maini
katika soko la Plovdiv, pale ngazi zinapoanza.
Nalijua ini kwa kiganja: lililo zima huteleza,
lililougua hukukwaruza kidole kabla ya kisu.
Basi daktari aliponionyesha picha ya ini la mke wangu,
la kijivu kama ukungu wa mto Maritsa,
nilinyoosha mkono, mpumbavu mimi,
nikakipapasa kioo.

Walikuwa wakitafuta vijiwe vya nyongo.
Nyongo mkaa na ini:
walipiga hodi kwa jirani, akafungua mwingine.
Sentimita sita, ukingo wa kulia.
"Huenda ni saratani," alisema Daktari Kableshkov,
na lile "huenda" likanikata maini
bila damu, bila ganzi.

Wakamchoma sindano; jibu likaja na mkia wa swali.
Wakamlaza ndani ya mtambo unaogonga kama mhunzi mlevi.
Sofia wakasema hivi, Plovdiv wakasema vile.
Zdravka akasema, "Mkiendelea kubishana,
kuku wangu atawalisha nani?
Ukateni."

Ilikuwa Machi mosi. Mkononi alifunga uzi,
mwekundu na mweupe,
ule tusioufungua mpaka tumwone korongo.
Nesi akaufungua.
Chumba cha upasuaji hakingoji ndege.
Akanitilia mfukoni.

Kwa saa tano na nusu nilikaa chini ya saa ya ukutani
nikikumbuka kila ini nililolikata
huku nikipiga mluzi.

Siku ya tisa, binti wa maabara alishuka mwenyewe,
vidole vyake vina madoa ya kahawia.
"Mafuta," alisema. "Misuli. Mishipa ya damu.
Si saratani. Ni uvimbe wa nadra,
mimi nimeuona mara mbili tu."
Nikamwambia, mwanangu, hivyo vitatu
viko mezani kwangu kila asubuhi.
Akacheka. "Ndiyo, vya nyumbani vyote.
Vimekosea chumba."

Sasa ana kovu lililopinda kama kulabu ya dukani.
Ini linaota tena, wanasema, kimyakimya,
kama nyasi nyuma ya banda.
Nami nikikata la kuuza natanguliza kidole gumba,
na mluzi sipigi.

Leo korongo ametua juu ya nguzo ya umeme.
Zdravka, amesimama na bakuli la mahindi,
ananidai uzi wake.
Nimepekua mfuko wa kwanza, wa pili.
Huu hapa, umenasa kwenye bitana,
unanuka nyama.