Kelele

Dokta Nwachi aliandika ubaoni: kelele
ni chochote kinachouzuia ujumbe usifike.
Tukanakili. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Usiku, hosteli ya Nsukka, tuligeuza kabati kuwa studio:
godoro la Somadina ukutani,
soksi juu ya maikrofoni mpya,
jenereta la jirani likikohoa nje ya mizani.
Mara ya tisa, Kamsi alipoifikia sauti ya juu,
simu yangu ikalia. Mama, kutoka Abakaliki:
"Ada umeshalipa?"

Ada ilisimama mbele yangu, imevaa soksi.

Nikanyamaza. Mashine ikaendelea kunasa.
Kamsi amekataa katakata kukifuta kipande hicho:
swali, jenereta, kisha mimi,
sekunde nne nzima, bila neno.

Ijumaa, swali la kwanza:
Fafanua kelele. Toa mfano.